Mwongozo kamili: kununua spana na zana za mkono, alafu kuzichonga zikae unavyotaka

Huu mwongozo ni wa mtu anayefungua gari au pikipiki yake mwenyewe kwa kupenda, sio fundi wa gereji anayepokea kila kinachoingia getini. Tofauti hapo ni kubwa, maana fundi wa gereji inabidi awe na kila kitu kwa sababu hajui kesho analetewa gari gani, we unajua kabisa unachofungua, ni chombo chako kile kile na nati zake ni zile zile mwaka mzima. Kwahiyo manunuzi yako yaanzie kwenye nati, yasianzie dukani. Na ukishanunua bado hujamaliza, kuna soketi utaisaga uso, kuna spana utaipunguza unene, kuna elenkii (ile ya pembe sita ya bolti zenye shimo kichwani) utaikata, ndo mana nimeweka kununua na kuchonga pamoja humu humu, ni kazi moja.

Hatua ya 1: orodhesha nati kabla hujatoa hela

Fungua boneti, ingia na uvunguni kama gari limekaa salama kwenye stendi, andika saizi za vichwa vya bolti unavyoviona kwenye breki, betri, sampo ya oili, plagi, tairi, alteneta. Usiandike kila bolti, andika zile utakazozigusa kwa matengenezo ya kawaida. Utashangaa orodha ni fupi.

Gari nyingi za Kijapani zinazunguka kwenye milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Za Ulaya utakutana na 10, 13, 16, 18, 19 na 21, pamoja na vichwa vya Torx, vile vya nyota yenye ncha sita. Sababu ya tofauti ni kwamba bolti ya unene wa M8 (yani milimita 8) kwa kipimo cha Kijapani huwa na kichwa cha 12, kwa kipimo cha kimataifa ina kichwa cha 13. M10 ni 14 kwa Mjapani, 16 kwa kipimo kipya cha kimataifa, na 17 kwa kile cha zamani cha Kijerumani. Unene wa bolti ni ule ule, kichwa ndo kinabadilika. Kwahiyo kama una gari la Kijapani na unakuta bolti ya 13 mahali, mara nyingi ujue kuna mtu alishapita hapo akaweka bolti yake.

Alafu kuna inchi. Kama chombo chako ni cha Kimarekani cha zamani au ni trela au mashine ya shamba, spana za milimita zitakudanganya. Robo tatu ya inchi ni 19.05 mm, spana ya 19 inakaa bila shida. 5/16 ni 7.94, ya 8 inakaa vizuri tu. Lakini nusu inchi ni 12.7, ukiiwekea spana ya 13 inaingia kirahisi na unajiona umefanikiwa, kumbe kuna uwazi wa 0.3 mm, na huo uwazi kwenye nati yenye kutu unatosha kabisa kula kona zote sita.

Hatua ya 2: vya kwanza kununua na vya kuacha

Lile boksi kubwa lenye vipande mia mbili na kitu liache kwanza. Ukilifungua ukaanza kuhesabu unakuta nusu yake ni vichwa vidogo vya bisibisi na elenkii, soketi zenyewe za maana ni chache, na soketi ya 10 iko moja, wakati hiyo ya 10 ndo inapotea kila siku. Nunua seti ndogo nzuri alafu jazia moja moja.

Soketi zinagawanyika kwa ukubwa wa tundu la mraba la nyuma: robo inchi (6.3 mm), tatu ya nane (9.5 mm) na nusu inchi (12.7 mm). Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, chukua tatu ya nane, hii inafanya kazi nyingi za kwenye injini na bodi bila kuwa kubwa sana. Ya pili iwe nusu inchi kwa ajili ya tairi na miguu ya gari. Ya robo ni ya dashibodi na vibolti vidogo vya M5 na M6, kwa pikipiki ndo inapanda inakuwa ya kwanza.

Kona sita au kumi na mbili? Kwenye soketi mi nasema sita bila kujiuliza. Soketi ya kona sita inashika nati kwa eneo kubwa zaidi, na ukiwa na racheti hauhitaji zile nafasi za ziada za kona kumi na mbili, maana racheti yenyewe ndo inakupa mzunguko mdogo. Kona kumi na mbili ina maana kwenye spana ringi, pale mkono unapokosa nafasi, kwa sababu unaweza kuitoa na kuirudisha kila digrii 30 badala ya 60. Na kuna bolti chache zenye kichwa cha pembe kumi na mbili zenyewe, hizo hauna namna.

Racheti zinatangazwa kwa idadi ya meno. Hesabu yake ni rahisi, gawa 360 kwa meno: meno 36 ni digrii 10 kila mlio, meno 72 ni digrii 5, meno 90 ni digrii 4. Inasaidia sana mahali ambapo mkono unasogea kidogo tu, nyuma ya alteneta kwa mfano, lakini usikimbilie namba kubwa ukadhani ndo ubora. Meno 72 yanamtosha karibu kila mtu.

Pawaba, ule mpini mrefu usio na meno ndani, nunua mapema, kabla hata ya racheti ya pili. Racheti sio ya kung'olea nati iliyoganda, ndani yake kuna vimeno vidogo na springi, ukiingiza bomba kwenye mpini unavivunja. Pawaba ya 600 mm ukiivuta kwa nguvu ya kilo 30 hivi unapata kama 180 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), nati nyingi za gari dogo zinaachia hapo. Ikishaachia ndo unaleta racheti.

Spana za kombinesheni, zile mdomo upande mmoja na ringi upande mwingine, chukua saizi zilizo kwenye orodha yako tu, ila zile za 10, 12 na 13 chukua mbili mbili. Sio kwa kupotea tu, ni kwa sababu kazi nyingi unashika bolti upande huu na nati upande ule, zote saizi moja. Hiyo ya pili iwe ya bei rahisi kwa makusudi, utaona mbele tunaifanyia nini.

Spana malaya, hiyo inayopanuka na kubana, iwepo moja nzuri kwa dharura na kwa kushikilia vitu. Muundo wake wa sasa ulitoka Sweden kwa Johan Petter Johansson mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mpaka leo kanuni ni ile ile: vuta kwa upande ambao mzigo unaegemea taya lisilosogea, ukivuta kinyume taya linalosogea linafunguka na kona ya nati inaenda. Zipo pia plaizi za Knipex zenye taya mbili laini zinazobaki sambamba, hizo zinashika nati ya kromu bila kuikwaruza, ni ghali lakini kwa mtu wa pikipiki zinaokoa mambo mengi.

Hatua ya 3: nenda dukani na bolti mfukoni

Hii ndo sehemu ambayo watu wengi wanairuka. Kabla hujaenda nunua bolti mpya za M6, M8 na M10, ziweke mfukoni. Ukifika kaunta usiulize kama spana ni orijino, muuzaji atasema ni orijino hata kabla hujamaliza swali. Toa bolti, chomeka.

Soketi ikishakaa kwenye kichwa cha bolti, itikise kushoto na kulia kwa vidole. Kuna mchezo kidogo lazima uwepo, ila ukisikia inacheza kama mlango mbovu irudishe. Kisha angalia ndani ya soketi ukielekeza kwenye mwanga: soketi nzuri kona zake za ndani hazijachongoka, zimetolewa kidogo kwa umbo la duara, ili chuma kisukume kwenye ubavu wa nati na sio kwenye ncha ya kona. Ya hovyo ina kona kali na hapo ndo nati zinaliwa na soketi zenyewe zinapasuka. Angalia pia mdomoni, kuna ukingo umechongwa mshazari ili nati iingie kirahisi. Ukiwa mrefu sana, soketi haishiki sehemu ya juu ya nati nyembamba, inashika nusu tu.

Racheti ipime hivi: chomeka soketi, shika soketi kwa vidole viwili bila kubana, rudisha mpini nyuma. Kama soketi inakufuata inarudi na mpini, ujue ukiwa na nati iliyolegea racheti itakuwa inaifunga na kuifungua hapo hapo, utapiga kelele tu haitoki. Racheti nzuri inarudi nyepesi. Geuza na swichi ya mwelekeo mara kadhaa, na ufanye hivyo mkono ukiwa na jasho au mafuta kidogo, maana ndo hali ya kazini.

Plaizi ifunge uielekeze kwenye mwanga. Za kukatia, mwanga usipite kwenye ncha, na zikate karatasi nyembamba kwa ncha kabisa bila kuitafuna. Kiungo kisicheze kwa pembeni.

Maandishi ya Chrome Vanadium ubavuni yasikupumbaze. Hayo ni maneno ya aina ya chuma, hayasemi kimechomwa na kupozwa vipi, na ubora wa spana uko zaidi kwenye kuchomwa huko. Chuma kile kile kikipikwa vibaya mdomo wa spana unafunguka, au unavunjika. Kitu kinachoniambia zaidi ni umaliziaji: mdomo wa spana mdomo una nyuso mbili zilizonyooka au una mabonde? Kromu imekaa sawa au inaonyesha malengelenge? Namba ya saizi imegongwa vizuri au imeandikwa kwa rangi itakayofutika wiki ijayo?

Soketi nyeusi za mashine ya impakti, ile inayozungusha nati kwa kugonga gonga, ni habari nyingine. Hizo nyingi ni kromu molibdeni, zina ukuta mnene na zinavumilia kupigwa pigwa. Zile zinazong'aa ni ngumu zaidi juu na zinaweza kupasuka vipande vikaruka ukizitia kwenye mashine ya impakti, kwahiyo kama una mashine hiyo au una mpango nayo nunua nyeusi za 17, 19 na 21, inatosha.

Bisibisi zina hatua yake

Bisibisi nyota sio moja. Kuna Phillips, kuna Pozidriv ambayo ina mistari minne midogo katikati ya msalaba, na kuna ile ya kipimo cha Kijapani, JIS, ambayo inafanana na Phillips mpaka unadanganyika. Skurubu za JIS mara nyingi zina kidoti kidogo kwenye kichwa. Ukiwa na pikipiki ya Kijapani na ukaitia bisibisi ya Phillips kwenye skurubu za kava za injini, ncha haifiki chini ya msalaba, inapanda, na skurubu inabaki na shimo la duara. Wote tunazijua hizo kava zenye skurubu zilizoliwa, mwenye pikipiki analaumu skurubu laini. Tafuta bisibisi za JIS, kampuni ya Vessel ya Japani inazitengeneza, chukua namba 2 na namba 3, zinafanya kazi pia kwenye skurubu nyingi za Phillips.

Kipimo cha haraka: shika bisibisi ikilala, bila sumaku, weka skurubu kwenye ncha. Ikikaa bila kudondoka, inalingana. Kwa skurubu zilizoganda chukua bisibisi ambayo chuma chake kinapita mpaka mwisho wa mpini, hiyo unaweza kuigonga kwa nyundo, za kawaida mpini unapasuka.

Torx zilianza Marekani mwaka 1967, sasa ziko kila mahali. T20, T25, T30, T40 zinatosha kuanzia, na kwa gari za Ulaya ongeza soketi za kike za E, zile zinazovaa juu ya bolti ambayo kichwa chake chenyewe ni nyota.

Spana ya toki

Hii ni spana inayopima nguvu unayokazia nati, hapa usibane hela. Bolti ndogo ya M6 kwenye alumini inataka kama 10 Nm tu, mkono wa mtu mzima unaivuka hiyo bila hata kuhisi. Nati za tairi za gari ndogo nyingi ziko kati ya 100 na 120, ila soma kitabu cha gari lako usichukue kwangu. Maana yake spana moja ya toki haitoshi pande zote mbili: inayoanzia 40 mpaka 200 haiwezi kufanya kazi ya 10. Anza na ya nusu inchi kwa tairi na miguu, baadaye ndogo kwa injini. Ile inayobofya, yani inayotoa mlio ikifika namba uliyoweka, inakuwa na ukweli zaidi katikati ya kipimo chake, usiitumie chini ya moja ya tano ya namba yake ya juu.

Vipimo vikiwa vya mfumo mwingine: futi-pauni moja ni 1.356 Nm, kilo-mita moja ni 9.81 Nm.

Ukiweka kichwa cha kuongezea chenye mdomo wa spana mbele ya spana ya toki, urefu umeongezeka na namba inabadilika. Chukua urefu kutoka mraba mpaka katikati ya mpini, tuseme 400 mm, na nyongeza iwe 50 mm imenyooka mbele. Unataka 90 Nm kwenye nati, basi weka 90 × 400 ÷ 450, yani 80. Ukiigeuza nyongeza ikae kona ya digrii 90 na mpini, hauhitaji hesabu yoyote. Ekstensheni ya kawaida (kile chuma cha kurefusha kati ya mpini na soketi) inayoshuka wima haibadilishi kitu.

Usifungulie nati kwa spana ya toki. Baada ya kazi rudisha mpaka namba ya chini kabisa iliyoandikwa, usipite chini ya hapo, springi ipumzike. Kuipeleka ikapimwe upya, kanuni ya kawaida ni kila mwaka au baada ya mibofyo 5000, kwa mtu wa nyumbani ni mwaka ndo utatangulia.

Hatua ya 4: za mtumba

Spana za zamani zilizotumika ni ununuzi mzuri kuliko mpya za hovyo. Majina kama Gedore, Stahlwille, Facom, Snap-on, Bahco, Koken ukiyakuta kwenye rundo la chuma simama. Kagua: mdomo wa spana umefunguka (chomeka bolti yako mpya hapo hapo), ufa mwembamba kwenye soketi hasa kutoka kwenye tundu la mraba, alama za kupigwa nyundo, mpini uliopinda. Racheti iliyokufa kwa uchafu inafufuka, racheti iliyong'oka meno achana nayo labda uhakikishe vipuri vya ndani vinapatikana. Tindo ambayo kichwa kimetanuka kama uyoga inunue, ila saga huo uyoga wote kabla hujaigonga, vile vipande vinaruka na vinaingia machoni.

Kutu nyepesi juu ya kromu, sugua kwa karatasi ya alumini iliyolowa maji, inatoka kwa urahisi wa kushangaza. Kutu nzito kwenye chuma kisicho na kromu, loweka kwenye siki ya kawaida ya asilimia 5 usiku mmoja, toa, sugua kwa brashi, alafu suuza kwenye maji yenye baking soda kuua asidi, kausha kabisa, paka oili muda huo huo maana chuma kilichotoka kwenye siki kinaanza kupata kutu ukiwa unakiangalia. Springi usiziloweke, asidi inazifanya zikatike. Na kama kromu tayari inabanduka, siki itaimalizia.

Hatua ya 5: kuchonga

Sasa twende kwenye raha yenyewe. Kwanza miwani ya macho, sio miwani ya jua, na barakoa ya vumbi, maana kromu iliyosagwa sio kitu cha kuvuta. Glovu za kitambaa usivae karibu na jiwe linalozunguka, linakuvuta nazo. Usisage kwa ubavu wa jiwe la kawaida la grenda ya mezani, jiwe halijatengenezwa kubeba nguvu ya pembeni.

Adui mkubwa ni joto. Chuma kikipata joto kinabadilika rangi: rangi ya majani makavu ni kama digrii 220, zambarau karibu 280, bluu karibu 300. Kwenye ncha ya bisibisi au tindo bluu maana yake ugumu umeondoka hapo, itapinda. Kwahiyo bakuli la maji pembeni, gusa jiwe sekunde chache, chovya, rudia. Kipimo changu ni kidole: shika chuma karibu na unaposaga bila glovu, kikikuunguza chovya. Polepole hivo hivo.

Anza na elenkii, ndo rahisi zaidi. Elenkii ikishaviringika ncha watu wanatupa. Bana kwenye vaisi, kata milimita 3 au 4 za mwisho kwa diski nyembamba, nyoosha kwa jiwe ukilishika mraba, ondoa vichongo kwa tupa, una elenkii mpya. Ukiendelea kidogo, kata kipande cha 40 mm kwenye elenkii ya 8 ukichomeke kwenye soketi ya 8 ya kona sita, umepata soketi ya elenkii inayoshika racheti na spana ya toki. Ya 6, ya 10, fanya hivyo hivyo.

Ya pili ni soketi ya uso bapa, na hii nakuambia itakusaidia kuliko zote. Nakumbusha ule ukingo wa mshazari mdomoni mwa soketi: kwenye nati nyembamba, kwa mfano vifuniko vya juu vya fok za pikipiki au bolti za vichwa vifupi vya 4 au 5 mm, ule mshazari unakula sehemu kubwa ya mshiko wote. Tunautoa. Chukua soketi ya ziada, sio ya seti yako, iweke kwenye ekstensheni ili uishike kama kalamu. Washa mashine ya msasa wa mkanda, au weka msasa mkubwa juu ya kioo kama hauna mashine, itachukua muda lakini inatoka imenyooka kuliko hata ya mashine. Bonyeza uso wa soketi ukiwa umesimama wima kabisa na huku unaizungusha taratibu, ili isile upande mmoja. Chovya maji. Angalia ndani: mwanzoni unaona pete ya mshazari inayong'aa inazunguka mdomo, kila ukisaga pete inakuwa nyembamba, mpaka inafika mahali inapotea na unaona umbo la pembe sita likifika ukingoni lenyewe, kali. Acha hapo. Kila milimita ya ziada inakupunguzia ukuta bila faida. Pitisha tupa ndogo ndani kutoa nywele za chuma, kisha paka oili kila mara kwa sababu uso huo hauna kromu tena. Kuingiza soketi hiyo kwenye nati itakuwa ngumu kidogo kuliko mwanzo, ndo ilivyo, unailenga kwa jicho.

Spana nyembamba: hapa ndo ile spana ya pili ya bei rahisi inaingia. Kuna nati za kufungia ambazo zimebanana, spana ya kawaida inazigusa zote mbili kwa pamoja. Saga mdomo pande zote mbili kwa usawa mpaka unene uwe kama 4 mm, usishuke chini ya 3. Hiyo inashikilia tu, kazi ya kulegeza kwa nguvu inafanywa na spana nzima upande wa pili. Ipake alama ya rangi nyekundu usije ukaichukua kwa haraka ukaivuta kwa mguu.

Kupinda spana kwa moto ipo pia, kwa bolti za sehemu kama za stata ambapo hakuna spana iliyonyooka inayofika. Saga kromu yote ya eneo la kupinda kwanza, fanya nje penye hewa, pasha mpaka iwe nyekundu, pinda polepole kwenye vaisi, iache ipoe yenyewe. Usiitie maji, itakuwa kama kioo. Pale ilipopinda chuma kimekuwa laini kuliko mwanzo, kwahiyo ni spana ya kufikia mahali, sio ya kung'olea. Kabla ya kupinda, hakikisha hakuna ekstensheni na kiungo cha kuzunguka vinavyofanya kazi hiyo, mara nyingi vipo.

Bisibisi bapa nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na umbo la kabari, ukizungusha inapanda yenyewe kutoka kwenye mfereji. Tumia mviringo wa jiwe la grenda kusaga pande zote mbili ili milimita chache za mwisho ziwe sambamba, na upana ulingane na mfereji wa skurubu unayoilenga. Kwenye kabureta zenye skurubu za shaba utaona tofauti mara moja.

Mipini: kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kikivutwa juu ya mpini wa racheti kwa maji ya sabuni kinashika vizuri hata mkono ukiwa na oili. Bomba la plastiki linalojikaza kwa joto nalo linafaa na lina rangi, kwahiyo unaweza kupanga rangi moja kwa kila saizi, 10 nyekundu, 12 bluu. Namba za saizi zisizosomeka, paka rangi ya kucha nyeupe juu ya namba iliyogongwa, subiri kidogo, futa juu kwa kitambaa, rangi inabaki ndani ya maandishi tu. Ila huo mpira na plastiki sio kinga ya umeme, usije ukajiamini ukafungulia betri za gari la umeme. Zana za umeme za 1000 V zimepimwa kwa kiwango cha IEC 60900, hizo usizikate, usizisage, usizichome, na ikichubuka plastiki yake haifai tena kwa umeme.

Vingine vya kutogusa kabisa: soketi za impakti, uso wa nyundo, jeki na stendi zake, spana ya toki. Na usigonge nyundo kwa nyundo, nyuso zote mbili ni ngumu na zinatoa vipande.

Hatua ya 6: racheti na sanduku

Racheti ifungue mara moja moja. Zina skurubu mbili au pete ya springi nyuma, fungua ndani ya trei au mfuko wa plastiki maana kuna kidude na springi ndogo vinapenda kuruka, piga picha kabla ya kutoa chochote. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka matone machache ya oili nyepesi au grisi laini kidogo tu. Ukiijaza grisi nzito vimeno vinachelewa kurudi, racheti inateleza chini ya mzigo na ngumi yako inaishia kwenye feni.

Droo za sanduku tandika povu gumu, chora umbo la kila zana, kata kwa kisu kikali kwa kina kama nusu ya unene wa zana, na ongeza tundu la kidole pembeni ya kila moja, la sivo utakuwa unachokonoa spana kwa bisibisi ili uitoe. Povu la rangi mbili, juu nyeusi chini ya rangi kali, linakuonyesha mara moja tundu lililo wazi kabla hujafunga boneti na kuwasha injini na soketi ya 10 ikiwa imelala juu ya manifoldi.